Pumzi Yangu Kwenye Koo la Marehemu

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifutia vioo kabla hujalisoma, sikulaumu. Vioo navyo vina haki zake. Nakupa kwa ufupi, halafu tuendelee kutetemeka pamoja.

Mimi ni fundi wa sauti studio. Wananiita Pengo, kwa sababu jino langu la mbele liliniaga siku nilipoanguka jukwaani nikiwa nimekumbatia spika. Spika ilipelekwa kwa fundi. Mimi bado nasubiri zamu yangu.

Mwimbaji mkubwa wa studio yetu alikuwa Nyuki. Unamjua: sauti ya kukwaruza, inaingia sikioni halafu inatafuta mahali pa kukaa. Nyuki alifariki mwaka juzi. Aliokotwa kwenye bwawa la machimbo ya kokoto, wakasema aliteleza.

Mwaka huu Bosi akanikalisha mbele ya kompyuta. "Mwimbishe," akasema.

Nikamwimbisha. Nilichukua rekodi zake za zamani, nikaipa mashine iisome sauti, nikaandika maneno mapya, na marehemu akatoa wimbo. Fungua, Ni Mimi. Umeucheza, usinikatalie. Kiitikio kikifika, klabu nzima inagonga meza, ukuta, hata mgongo wa jirani: ngo, ngo, ngo.

Nusu ya nchi wakasema ni muujiza. Nusu wakasema ni uchawi wa kuchomeka kwenye umeme.

Wiki iliyopita niliishia pale mama mzazi wa Nyuki alipoingia studio kwa mlango wa mbele kuuliza wimbo umetoka wapi, na Bosi akatoroka kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi.

Bosi alirudi saa nane mchana, viatu vikiwa miguuni.

"Kesho saa nne asubuhi kuna mjadala redioni," akasema. "Wameniita mimi. Utakwenda wewe."

"Mimi, Bosi? Hata harusi ya dada yangu niliambiwa nisisogelee kipaza sauti."

"Utasema wimbo ulirekodiwa Nyuki akiwa hai. Ulimrekodi wewe mwenyewe, tarehe tisa mwezi wa sita, mwaka juzi. Faili likasahaulika. Basi."

"Lakini mwezi wa sita ule sikuwepo. Nilikuwa kwetu, mama kavunjika mguu. Wewe mwenyewe ulinipa ruhusa, tena kabla sijamaliza kuomba."

"Nani anajua?"

"Mama. Na mguu wake."

Hakucheka. Nakwambia msomaji, mtu aliyezoea kucheka utani wako akiacha ghafla, anza kuhesabu milango.

Akafungua lile daftari tunaloandikia zamu za kurekodi. Akaweka kidole. Tarehe tisa mwezi wa sita. Mwimbaji: Nyuki. Fundi: Pengo. Wino wa mstari ule ulikuwa mweusi kuliko wa majirani zake, na mwandiko ulifanana na wangu kama pacha aliyelelewa na mama wa kambo.

"Bosi, huu si mwandiko wangu."

"Kilichomo kwenye daftari ndicho kilichotokea." Akalifunga taratibu. "Ule wimbo umetengenezwa na vidole vya nani?"

Nikaviangalia. Vilikuwa kumi, vyote vyangu.

"Basi," akasema.

Sasa kabla sijaingia redioni, kuna jambo dogo lazima nilikiri. Nasema dogo kwa sababu wakati ule niliamini ni dogo.

Mashine ile inaimba lakini haipumui. Ukiiacha peke yake, inatoa sauti ya mtu asiye na mapafu, inatisha kama friji likikuita kwa jina. Kwa hiyo fundi lazima abandike pumzi kati ya mstari na mstari.

Mara ya kwanza kuichezea sauti ya Nyuki, Nyuki mwenyewe alikuwa hai. Ulikuwa utani. Nilimfanya aseme, "Pengo ndiye mwanaume mzuri kuliko wote hapa studio." Nilipompigia aisikie, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Bosi alikuwa mlangoni, naye akacheka. Kesho yake akaja kivyake, akaniomba kipande cha maneno kwa sauti ya Nyuki, cha kumsalimia mama wa Nyuki. Cha kuweka mwanzo wa wimbo, akasema, maneno ninayo, tumfanyie mshangao.

Nikakitengeneza kwa nusu saa. Kilipokosa uhai, nikasogelea kipaza sauti nikavuta pumzi mwenyewe, mara moja, nikaibandika mbele ya neno la kwanza. Faili nikaliita "pumzi". Siku mbili baadaye nikaenda kumuuguza mama. Niliporudi, Nyuki alikuwa amezikwa, na mshangao ule sikuusikia tena.

Ila faili la pumzi nililibakiza. Ndilo nililotumia kwenye Fungua, Ni Mimi, kila mahali. Fundi mvivu anaishi na pumzi moja.

Asubuhi nikafuatwa na dereva wa Bosi. Huyu ni mtu wa maneno matatu kwa siku, simtanii, tuliwahi kuhesabu. Alisimamisha gari mbele yangu.

"Panda."

Tulipofika redioni akazima gari.

"Shuka."

Nikajisemea moyoni, leo amebakiza moja. Sijui analitunza kwa nani.

Chumba cha matangazo hakikuwa na dirisha la nje. Kuta zilivikwa sponji yenye vidutu kama trei la mayai. Meza ya duara, vipaza sauti vinne, jagi la maji, na karatasi iliyobandikwa: USIGONGE MEZA. Ukutani taa nyekundu. Ikiwaka, nchi inasikia hata tumbo lako likinguruma. Upande mmoja kulikuwa na kioo kikubwa, nyuma yake fundi mitambo wa redio, na pembeni yake, mikono kifuani, dereva wetu.

Mtangazaji alikuwa na sauti ya jitu na kimo cha mwanafunzi. Mbele yangu akakalishwa mpinzani.

Moyo wangu ukateremka hadi kwenye soksi. Alikuwa DJ Shangazi.

Kama huendi klabu, nikueleze. Shangazi amepiga muziki miaka thelathini, bado anabeba santuri zake kwenye sanduku la bati, na hedifoni yake imefungwa kwa plasta ya kidonda. Peke yake mjini alikataa kupiga Fungua, Ni Mimi. Watu walimzomea siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaweka pamba masikioni akaendelea na kazi.

Taa ikawaka.

"Shangazi," akaanza Mtangazaji, "kwa nini unakataa wimbo unaochezwa na nchi nzima?"

"Kwa sababu mimi napiga nyimbo za watu."

"Marehemu si mtu?"

"Marehemu ni mtu. Huyo wao ni kompyuta iliyomeza marehemu."

Nikaona nisipojibu hapo nimekwisha. "Shangazi, kwa heshima zote. Nusu ya waimbaji walio kwenye sanduku lako wako makaburini. Mbona wale unawaimbisha kila Ijumaa?"

Mtangazaji akacheka. Shangazi hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Wale walifungua midomo yao wenyewe, mwanangu. Walijua wanasema nini na wanamwambia nani. Mtu akifa, maneno yake yamekwisha. Ukimwongezea, hujamfufua. Umemsingizia."

Simu zikaanza kulia. Dereva wa lori akasema, "Mimi safari zangu ndefu, wimbo ule unaniweka macho. Awe hai, awe maiti, anifikishe tu."

Akaja msichana mmoja, sauti imekaza. "Niliusikia klabu siku ile ile niliyoachwa. Tuligonga meza pamoja, watu mia mbili nisiowajua. Leo nani atoke aniambie machozi yangu yalikuwa ya bandia?"

"Machozi ni yako, binti," Shangazi akamjibu polepole. "Mimi nauliza aliyekuliza."

Mtangazaji akanigeukia. "Pengo, tumalize ubishi. Wimbo ule ni wa lini?"

Nyuma ya kioo, dereva aliegemea mbele kidogo.

"Tarehe tisa mwezi wa sita, mwaka juzi," nikasema. "Nilimrekodi mimi."

Sasa ubaya wangu mimi nikianza uongo siwezi kuuacha mtupu, lazima niuvishe. "Alikuja asubuhi, katoka kuoga, ananukia sabuni. Akaimba mara mbili tu. Akaomba chai."

"Alikuwa na hali gani?"

"Mchangamfu! Kama mtoto siku ya kufunga shule."

Shangazi akavaa miwani. "Upigeni huo wimbo wenu."

Fundi mitambo akaupiga. Shangazi alifumba macho, na kila sehemu fulani ikipita, akainua kidole. Hapa. Hapa. Na hapa. Wimbo ulipokwisha alikuwa amevimaliza vidole vya mikono yote na kurudia kimoja.

"Pumzi kumi na moja," akasema. "Zote sawasawa, kama vifungo vya shati. Mtu aliye hai hapumui hivyo. Pumzi ya kabla ya neno refu siyo ya kabla ya neno fupi. Na tena, sikilizeni mwisho wa kila moja. Kuna kifilimbi. Hewa inapita mahali palipo wazi. Nyuki alikuwa na meno yote thelathini na mawili. Nimekula naye, namjua alivyokuwa akivunja mifupa."

Nikafunga mdomo. Naomba ujaribu siku moja kubishana redioni huku umefunga mdomo.

Mtangazaji akaninong'oneza, "Ndugu yangu, sema kitu."

Nikafunua kidogo tu, upande. "Siku hiyo alikuwa na mafua, Shangazi."

Chumba kizima kikacheka. Hata fundi mitambo nilimwona mabega yakitikisika. Simu ikatetema mfukoni mwangu: ujumbe wa Bosi. *Safi. Usiongeze.*

Nilijiona nimeshinda. Nikajimiminia maji, mkono haukutetemeka hata kidogo. Ndiyo mara ya mwisho mkono huo kuwa na adabu.

"Wasikilizaji," Mtangazaji akasema, "tuna mgeni mwingine. Amekaa mapokezi tangu saa tatu, ametusikiliza. Mama mzazi wa Nyuki. Karibu, Mama."

Maji yakaniingia njia siyo.

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mshonaji wa sare za shule, ncha za vidole zimejaa alama za sindano. Kulikuwa na kiti karibu na Shangazi. Hakukikalia. Alikuja kukaa ubavuni kwangu, akaushika mkono wangu uliokuwa juu ya meza.

"Wewe ndiye Pengo."

"Ndiyo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Alikuwa akikutaja. Alisema una utani mpaka unakera."

Nilitaka kutabasamu. Uso haukukubali.

"Ulisema tarehe tisa."

"Tarehe tisa, Mama."

"Ananukia sabuni."

"Ndiyo."

"Akaomba chai. Ukampa?"

Sikutegemea swali hilo. "Nilimpa, Mama."

"Asante," akasema. "Asante kwa kumpa chai mwanangu."

Kisha akaongea mbele ya kipaza sauti, bila haraka, kama mtu anayetaja vipimo vya sare.

"Nyuki alitoka nyumbani tarehe tatu mwezi wa sita. Hakurudi. Nilikwenda kwa bosi wao, akaniambia kasafiri kwa maonyesho, atarudi. Moyo haukutulia. Nikatafuta kimya kimya, hospitali hadi hospitali, nisije nikamwaibisha mtoto kwa watu. Tarehe ishirini na nne wakampata bwawani. Siku zote hizo ishirini na moja hakuna mtu, hata mmoja, aliyewahi kusema alimwona."

Akanigeukia.

"Wewe ni wa kwanza, baba. Mwaka wa pili huu nakutafuta."

Msomaji, niamini. Mimi sikujua. Nilikuwa kwetu nikimbeba mama kumpeleka chooni, na niliporudi niliambiwa kateleza juzi, kazikwa jana. Hakuna aliyeniambia alipotea kwanza.

Lakini nchi nzima ilikuwa imenisikia. Nilimwona. Nilimpa chai. Tena kwa hiari yangu nilimwogesha na sabuni.

Simu ikatetema. *Shikilia hapo hapo. Daftari linakubali.*

Hapo ndipo akili iliponirudia. Ule wino mweusi. Tarehe ile. Bosi hakuichagua kwa kufumba macho. Mama huyu alipoanza kuuliza, Bosi alihitaji mtu wa mwisho aliyemwona Nyuki, na alimtafuta mwenye mdomo mwepesi kuliko wote studio. Mtego ulikuwa umeshategwa, na mimi nikauingia nikiimba.

Kwenye spika za chumba mpigaji mmoja akapiga kelele, "Huyo msimruhusu atoke hapo! Tunakuja!"

Mtangazaji akamkata. Lakini taa za simu kwenye meza yake ziliwaka zote kwa pamoja.

Nikaangalia kioo. Dereva alikuwa ananitazama bila kupepesa.

Nikamwangalia Mama. Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu, na sasa ulikuwa umeushika hasa.

Basi nikamgeukia adui yangu. "Shangazi, rudia zile pumzi."

"Si ulisema mafua?"

"Nilidanganya."

Hata ile sponji ukutani nadhani ilisogea kusikiliza.

"Nilidanganya yote. Sikumrekodi. Sikuwepo hata mjini, nilikuwa kwetu mwezi mzima, mama yangu alivunjika mguu, mkitaka mwulizeni, ataongea mpaka mchoke. Wimbo nimeutengeneza mimi kwa kompyuta, mwaka huu. Nyuki hajauimba hata neno moja. Nimeambiwa nije niseme hivi."

"Na nani?" Mtangazaji akauliza.

"Na Bosi."

Nyuma ya kioo, dereva akasimama. Kiti chake kikabaki kinazunguka.

"Maneno matupu," Shangazi akasema. Hakuwa ananitesa. Nilimwona machoni, alikuwa ananisukuma upande wa kupona. "Dakika kumi zilizopita ulituapia kitu kingine. Thibitisha."

"Hizo pumzi kumi na moja ni zangu."

"Pumua."

Nikasogelea kipaza sauti. Nikafungua mdomo mbele ya nchi nzima, pengo na vyote, nikavuta hewa.

Ikapita. Mwisho wake, kifilimbi.

"Tena," Shangazi akasema.

Nikavuta tena. Fundi mitambo alikuwa mwepesi, akaipiga ya kwenye wimbo, halafu yangu, halafu ya kwenye wimbo. Hata dereva wa lori kule aliko alisikia. Ilikuwa moja.

"Ndiyo," Shangazi akasema, akavua hedifoni. "Ni yeye. Kijana ni mwongo tu. Hakumwona Nyuki."

Hujawahi kuniona nikifurahi kuitwa mwongo. Siku ile nilitaka nipewe na cheti. Nikaegemea kiti, nikawaza: nitafukuzwa kazi, nitazomewa barabarani, dada atanisimanga mpaka nizeeke. Lakini nimetoka. Kwenye maji ya lile bwawa, nimetoka.

Nikamgeukia Mama. "Nisamehe, Mama. Ile chai, ile sabuni... Sikuwa na haki."

Aliuachia mkono wangu, akafungua mkoba, akatoa simu ya zamani, kioo kimepasuka, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Akaiweka mezani taratibu, kama anavyoweka mtu yai.

"Tarehe tisa," akasema, "saa sita mchana, nilikuwa nimekaa kituo cha polisi. Nimepeleka picha yake. Yule askari alikuwa anaandika jina. Ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwenye simu ya mwanangu. Nikausikiliza pale pale. Nikamwambia askari, samahani baba, nirudishie picha yangu, msihangaike, mtoto ni mzima."

Akafuta kioo kwa kidole gumba.

"Kama kompyuta yako inaweza kuimba, nataka uniambie. Na hii?"

Akabonyeza.

Kwanza ilikuja pumzi. Halafu ile sauti ya kukwaruza:

"Mama, niko salama. Usinitafute. Nitarudi mwenyewe."



Nilivijua vile visentensi vitatu kama unavyojua viatu vyako mlangoni. Nilijua niliviandika nimekaa kiti gani. Nilijua neno "mwenyewe" lilinisumbua, nikalirudia mara nne mpaka likalainika. Mshangao wa mama. Mwanzo wa wimbo. Nusu saa.

Na kabla ya "Mama", ile pumzi. Mwisho wake, kifilimbi.

Shangazi alivua miwani, akaishika, hakuifuta. Mtangazaji alikuwa ameshusha mikono mapajani. Hawakuhitaji kuambiwa. Dakika mbili tu zilizopita nilikuwa nimewafundisha wote, wao na nchi nzima, jinsi ya kuitambua.

"Nimeisikiliza kila siku," Mama akasema. "Asubuhi kabla ya cherehani, na jioni. Hiki kifilimbi nakijua. Nilidhani ni baridi. Nilikuwa nasema, mwanangu huko aliko analala pabaya, kifua kinambana."

"Mama, mimi nilidhani ni..."

"Sikiliza kwanza, baba." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Mimi niliondoa picha ile kwa sababu ya pumzi hii. Zilipita siku kumi na tano. Ninachotaka kujua ni kimoja. Ulipompumulia mwanangu, alikuwa bado hai?"

Nilijua jibu. Nilipotengeneza kile kipande, Nyuki alikuwa chumba cha pili anapiga kinanda, anacheka na mtu. Alikuwa hai. Na Bosi, aliyekiomba, alijua atakihitaji kabla Nyuki hajapotea. Alikuwa na sauti ya kumtuliza mama wakati mtoto wake bado yuko nyumbani.

Mlango wa chumba ukafunguka. Hakuna anayefungua mlango ule taa ikiwa inawaka. Dereva wa Bosi aliujaza wote. Aliniangalia mimi tu, na neno lake la tatu akalitoa kwa upole kabisa.

"Twende."

Mama akaukamata mkono wangu tena, kwa vidole vyake vyote vya sindano.

Nikatazama ukutani. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Nikavuta pumzi ili nijibu, na nchi nzima ikasikia kifilimbi.